Sola imeingia, ubaridi umekata

SWALI: Habari za kazi. Nasimamia hoteli, tuna jenereta ya gesi inatupa umeme na lile joto lake hatulitupi, linachemsha maji ya kuoga na kuendesha mashine ya kupoza maji ya AC. Juzi tumefunga paneli za sola juu ya paa, gesi imepungua kweli, ila mchana wageni wanalalamika vyumba havipoi. Fundi kakagua jenereta na mashine zote kasema nzima. Shida nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Fundi wako yuko sahihi kabisa, shida ni kwamba sola imeinyang'anya jenereta mzigo. Angalia, injini kama hiyo inageuza asilimia 30 mpaka 40 hivi ya nishati ya gesi kuwa umeme, sehemu kubwa ya inayobaki inatoka kama joto kwenye ekzosi na kwenye maji yanayopoza injini, na hilo joto ndo mlikuwa mnaliishi. Sasa jua likiwaka saa sita paneli zinabeba umeme, jenereta inapunguza gesi, joto linashuka, na saa hiyohiyo ndo AC zinahitaji ubaridi kuliko wakati wowote.

Mashine yenu haina kompresa, ndani yake kuna chumvi ya lithiamu bromaidi inayofyonza mvuke wa maji, halafu joto linakuja kuyatoa yale maji kwenye chumvi ili mzunguko uanze upya. Hizi za kawaida zinataka maji ya moto ya nyuzi 80 mpaka 95 hivi, sasa yakiingia na 65 pampu utazisikia zinazunguka vizuri tu lakini ubaridi hamna.

Wengine watakwambia uweke boila ujazilizie joto. Mimi nakusihi usifanye hivyo, maana kila uniti 10 za joto mashine hiyo inakupa kama 7 tu za ubaridi, utachoma gesi yote uliyookoa. Mashine ya kompresa uniti 1 ya umeme inakupa ubaridi uniti 3 hata 5, kwa hiyo ule umeme wa sola wa mchana ulishe kompresa ndogo, na ile ya joto ifanye kazi jioni jua likizama na jenereta ikirudi kwenye mzigo wake. Ongeza na tangi kubwa la maji ya baridi lililofungwa vizuri joto lisiingie, hilo tangi ni muhimu jamani, watu wanalisahau kila siku.

Kama paa bado lina nafasi, weka mirija ya vakyumu ya kuchemsha maji kwa jua, hiyo inafika nyuzi 80 na zaidi. Zile paneli zinazotoa umeme na maji ya moto kwa pamoja mara nyingi zinaishia 40 mpaka 60, hazitaendesha mashine ila za kuogea zinatosha, na joto la injini lote linabaki kwa ajili ya ubaridi.

SWALI: Mashine hiyohiyo ya chumvi naweza kutengenezea barafu?

JIBU: Hapana dada, humo ndani kinachopoza ni maji yenyewe na yakifika nyuzi 0 yanaganda. Ukitaka barafu tafuta ya amonia.