Ukuta unaomsogelea mhusika

Uliyeuliza ukuta wa nyuma humsogeleaje mhusika wa filamu anayepagawa bila ujanja wa kompyuta: kamera inarudi nyuma huku lenzi ikivuta picha karibu, basi. Anza na lenzi kwenye alama ya milimita 24 (picha pana) ukiwa mita 1.5 kutoka usoni, malizia milimita 70 kwenye mita 4.4 hivi. Chumba cha futi 10 kwa 10 pale Kondele, Kisumu, hakitoshi. Ng'oa mlango urudi hadi barazani. Kumbeba mpiga picha, kiti cha magurudumu juu ya saruji laini kinafaa, reli za kamera ni anasa. Kinachoharibu ni mkono unaozungusha lenzi kuchelewa: uso unasinyaa, kisha unavimba. Chora chaki sakafuni kila nusu mita, na alama zinazolingana kwenye lenzi. Kwa mbinu hii hii, filamu ya Vertigo (1958) ilitumia mfano mdogo wa ngazi uliolazwa ubavu.