Uvimbe wa titi, sindano ya kipimo na maneno ya shangazi

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, tunaishi Marangu. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto tangu mwezi wa nne mwaka jana, hauumi. Hospitali wanataka kumchoma sindano watoe kinyama cha kupima, na wamempa karatasi ya kushiriki utafiti. Shangazi anasema uvimbe usichokozwe, utatapakaa, na kwamba tangu korona watu wanafanyiwa majaribio. Kwa sasa mama anakunywa maji ya majani ya mstafeli na dawa ya chupa ya mtaalamu mmoja. Tusubiri amalize chupa ndipo apimwe? – Binti, Marangu

JIBU: Marahaba. Msisubiri. Mpelekeni mama wiki hii achomwe hiyo sindano, chupa ibaki ilipo.

Kila Januari napata barua kama yako, na chumba changu hapa Moshi kinajaa akina mama walioletwa na watoto wao. Watoto wamepanda nyumbani kula Krismasi, wakamwona mama amevaa sweta juani, au kanga kaifunga kifuani tangu asubuhi hataki kuifungua. Nikimuuliza mama uvimbe kauona lini, ananijibu mwaka juzi. Nikiuliza kwa nini hakuja, nategemea aniambie nauli. Haitaji nauli. Ananiambia, "Nilikatazwa kuuchokoza."

Maneno hayo simlaumu shangazi kuyaamini. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walifika hospitali titi limeshatoboka. Mgonjwa akachomwa sindano, majibu yakakawia, akasafirishwa mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akarudishwa kuzikwa. Kijiji kikapiga hesabu: alikuwa anapalilia migomba, wakamchoma, akafa. Ila saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini na mifupa kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti. Saratani hupita kwenye mitoki na kwenye damu kila siku, mama akiwa jikoni, akiwa kanisani, akiwa amelala. Haimsubiri daktari aifungulie mlango.

Nisikufiche: seli chache huweza kubaki kwenye njia ya sindano. Mpasuaji analijua hilo, na sehemu hiyo huondolewa au kupigwa mionzi kwenye matibabu yenyewe. Kuna viungo tusivyochoma sindano kwa kutafuta saratani, kende kwa mfano, tunakitoa kiungo kizima. Titi halimo humo. Mwenye uvimbe wa titi akikwepa sindano anabaki bila jina la ugonjwa wake, na ugonjwa usio na jina hautibiki kwa mpango.

Atachomwa ganzi kwanza. Kisha atasikia mlio mkavu, kama wa mashine ya kubania karatasi, mara tatu au nne, na kila mlio unatoa uzi wa nyama mwembamba kama tambi. Uzi huo unaingia kwenye fomalini papo hapo, dawa iwe kama mara kumi ya kinyama chenyewe. Maji hayafai, wala chumvi ya dripu. Nimewahi kuletewa kinyama kimefungwa kwenye glovu, kimekauka, mtu amesafiri nacho siku mbili kwenye basi. Hakikuwa na la kutuambia, ikabidi mgonjwa achomwe upya. Kwa hiyo simama hapo uangalie. Jina la mama liandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani maabara. Na uulize kama watapima vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni. Vikiwepo, kidonge cha tamoksifeni kinaweza kumlinda kwa miaka. Visipokuwepo, kidonge hicho hakimsaidii. Hata ningepapasa matiti miaka hamsini, nisingelijua hilo kwa vidole.

Sasa karatasi ya utafiti. Mama aliwekewa karatasi mbili, ya kipimo na ya utafiti, na nyumbani mmezichanganya. Akikataa ya utafiti, kipimo na tiba viko palepale. Akikubali, lazima asomewe kwa Kiswahili, apewe nakala yenye namba ya kupiga akiwa na malalamiko, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu. Utafiti wa aina hiyo hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Wakikosea hayo, mna haki ya kuondoka.

Shangazi anaitaja korona, basi tuitaje. Mwaka 2020 watu wengi waliogopa wodi wakabaki nyumbani kujifukiza, na uvimbe ukabaki nyumbani nao. Mwaka huohuo kila mtu alikuwa na dawa yake ya korona. Haidroksiklorokwini ilisifiwa na wakubwa wa dunia. Waingereza wakawagawa wagonjwa wa hospitali kwa bahati nasibu, jaribio linaitwa RECOVERY, na kufikia Juni ikajulikana kwamba haiwasaidii, wakati deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ya siku nyingi, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Bila kuhesabu tungeendelea kumeza ile ya kwanza. Aprili ya mwaka huo yalitoka pia majibu ya utafiti wa mionzi ya titi uliofanyika Uingereza: vipindi 5 ndani ya wiki moja havikuwa hafifu kuliko 15 vya wiki tatu. Mtu wa Rombo aliyewahi kupanga chumba Dar kwa ajili ya mionzi anajua uzito wa wiki mbili hizo. Na huku kwetu, mabinti 930 wa Mwanza walichangia ushahidi kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. Leo mdogo wako anachanjwa mara moja kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu wazazi wa Mwanza walisoma karatasi wakasaini.

Mtaalamu wa chupa naye anamfanyia mama majaribio. Hana karatasi, hana kamati, na akifa mgonjwa haandiki popote. Mwaka 2011 magari yalijipanga kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, wapo walioacha dawa za hospitali. Nani aliwahesabu waliorudi? Mstafeli umeua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, nakubali. Hata spiriti inaziua. Kwa binadamu hakuna aliyeonyesha unaponya, na huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson.

Shirika la Afya Duniani linataka mwenye uvimbe wa titi awe na majibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya. Mama ana uvimbe tangu mwezi wa nne mwaka jana, kwa hiyo rufaa isiwe ya kuzungushana. KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, ina kituo cha saratani, hamna haja ya kuanzia Dar.

Na ile chupa msiimwage, njooni nayo. Hakuna atakayemgombeza mama. Daktari anahitaji kujua amekunywa nini, na ini lake likoje, kabla hajapangiwa dripu ya dawa za saratani.