Neovim inaganda, msaidizi anasahau
Ndugu, unasema kihariri chako cha msimbo, Neovim, kinaganda msaidizi wa AI uliyemuunganisha akijibu, na ukimuuliza swali la pili hakumbuki la kwanza. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Kuganda kunatokana na hiyo vim.fn.system uliyotumia kuita programu ya nje: inasubiri jibu lote liishe. Tumia vim.system (toleo 0.10 kuendelea) pamoja na curl -N (programu ya kuwasiliana na seva; -N huizuia kulimbikiza jibu), upokee jibu kidogo kidogo. Andika kila kipande ndani ya vim.schedule (huahirisha kazi hadi Neovim iwe tayari kuipokea), la sivyo utapata kosa E5560. Angalia sana hapa: kipande huweza kukatikia katikati ya mstari, basi hifadhi mabaki hadi mstari ukamilike ndipo usome JSON (muundo wa data ambao jibu huja nao).

Kusahau ni rahisi: modeli haitunzi chochote, tuma mazungumzo yote kila mara.

Tafadhali, ufunguo wa API (neno la siri la kuitumia huduma ya modeli) usiingie Git, yaani hifadhi ya matoleo ya msimbo wako. Unataka kumtumia msaidizi msimbo wa kazini? Omba ruhusa kwa wahusika wa usalama kwanza.