Kuotesha hibiskasi ya kinamasi kwa mbegu: ya kuzingatia unapoanza

Tunazungumzia Hibiscus moscheutos, mmea wa asili wa vinamasi na kingo za mito mashariki mwa Marekani. Usiichanganye na hibiskasi ya kitropiki, ambayo jalidi (baridi kali ya kugandisha) huiua. Hii ya kinamasi hukauka juu kila majira ya baridi, kisha ikachipua upya kutoka mizizini. Inapenda udongo unaokaa na unyevu muda wote, na hapo hutoa maua yenye upana wa sentimita 15 hadi 25. Kila ua hudumu siku moja tu, lakini matumba hufuatana kwa wiki kadhaa.

Wanaoanza wengi hukwama kwenye gamba. Mbegu ina ukubwa wa milimita 3 hivi, na gamba lake gumu halipitishi maji. Ukiisia ilivyo, moja itaota baada ya wiki mbili na nyingine itakaa miezi. Chukua msasa laini, sugua upande wa mgongo, mbali na kile kibonyeo ambapo mzizi hutokea, na uache mara tu unapoona weupe. Kisha loweka kwenye maji ya vuguvugu kwa saa 12 hadi 24. Iliyopata maji huvimba waziwazi. Iliyobaki ndogo na ngumu irudishe kwenye msasa, uiloweke tena. Zinazoelea usizitupe kwa sababu hiyo tu, maana mmea huu husambaza mbegu zake kwa maji.

Sia wiki 8 hadi 12 kabla ya jalidi la mwisho, ndani ya nyumba, kina cha sentimita 1. Tumia vikopo virefu, mbegu moja au mbili kila kimoja, kwa sababu mzizi hushuka haraka na haupendi kusumbuliwa. Joto la udongo liwe nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi. Likiwa chini ya hapo mbegu hulala, nyingine huoza.

Hapa kuna mtego. Mmea mkubwa unapenda maji, lakini mche mchanga ukikaa kwenye tope bila hewa hupatwa na kinyausi: shina hunywea usawa wa udongo na mche huanguka. Mwagilia kwa kuloweka kikopo kutoka chini, kisha acha maji ya ziada yatoke.

Jalidi likiisha, zoesha miche jua kwa siku 7 hadi 10, halafu ipande kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90, mahali penye jua la saa 6 au zaidi. Weka mboji na matandazo. Udongo ukikauka hata kwa muda mfupi, matumba hupukutika na majani ya chini hugeuka njano. Majani yakianza kuwa kama wavu, geuza upande wa chini: utakuta viwavi vidogo vya kijani. Viokote kwa mkono mapema.

Mbegu za aina chotara hazifanani na mzazi, kwa hiyo usitegemee rangi ileile.

Mashina yaliyokauka yakate mwisho wa majira ya baridi, uache vigutu vya sentimita 10 hadi 15 vikuonyeshe mmea ulipo. Utachelewa kuchipua kuliko karibu kila kitu bustanini, kwani husubiri udongo upate joto. Mingi hung'olewa ikiwa hai wakati huo. Usichimbe mpaka kiangazi kiingie.