Aliniletea springi nimtolee makali

Mliuliza wiki hii: "Kijana wa miaka 16 anataka kulipiza kisasi kwa kundi la mtaa mwingine lililomjeruhi ndugu yake. Wewe mkubwa wake utamzuiaje?" Nimelisoma swali hili kibandani kwangu Buguruni, Dar es Salaam, nikazima mashine. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na kijana wa namna hiyo alikuja kwangu akiwa na chuma mkononi.

Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Vingunguti. Alifika saa moja asubuhi, siku ya shule, amevaa sare. Ndani ya begi la madaftari alikuwa na kipande cha springi ya gari, ile bapa, amekiviringisha kwenye khanga ya mama yake. "Shikamoo mjomba. Naomba unikatie hii, halafu unitolee makali upande mmoja." Nikamuuliza ya kazi gani. Akasema ya kufyekea majani. Kwao nyumba zimebanana mpaka mlango wa huyu unafungukia jikoni kwa yule. Hayo majani yako wapi? Na fundi yeyote anajua kwamba panga la springi ndilo linalokaa na makali.

Siku tisa kabla ya hapo kaka yake mwenye miaka 19, konda wa daladala, alikatwa kwenye kigodoro, ile ngoma ya usiku ya mtaani. Ugomvi haukuwa wake. Vijana wa maskani ya kwao, kijiwe wanachokutania, na wale wa ng'ambo ya Mto Msimbazi walikuwa wakitafutana tangu mechi moja ya mchangani, na usiku ule ikapotea simu ya mtu, basi. Alinyanyua mkono kukinga kichwa, panga likamshukia juu kidogo ya kifundo. Alishonwa, kidonda kikafunga, lakini vidole vitatu havikunji. Wanaopanda daladala wanajua konda anavyobana noti katikati ya vidole na kuchezesha sarafu kiganjani ili watu watoe nauli. Mpwa wangu alikuwa akimtazama kaka yake amekaa mkekani, anazikusanya sarafu, zinamdondoka, anaziokota, anaanza upya.

Na sisi wakubwa tulifanya nini? Usiku ule tulihangaikia PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ili atibiwe, tukapewa karatasi yenye namba ya RB, namba ya taarifa yetu kituoni, ikaingia kwenye droo. Hakuna aliyerudi kituoni. Shemeji yangu akasema tumwachie Mungu. Mimi nilitoa elfu ishirini ya matunda, nikarudi kwenye mageti yangu. Lakini wale wa maskani walikuja kila jioni. Walikaa na mgonjwa, wakauliza nani alikuwepo, nani alishika panga, wakapanga siku. Mtoto aliona kwa macho yake nani ameguswa na mkono wa kaka yake na nani hajaguswa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtoto huyo humzuii kwa maneno. Ukimwambia "achana nao" huku wewe mwenyewe umekaa, anasikia kwamba damu ya ndugu yake haina mwenyewe. Lazima mkubwa ainuke akaidai haki hiyo, tena aende naye, aone.

Jiji hili limeshaona kinachotokea kijana anapoachiwa kilio chake peke yake. Januari 2015, jioni ile watu walipokimbia na kufunga maduka kwa sababu ya Panya Road, makundi ya vijana wahalifu, chanzo kilikuwa mazishi: vijana walitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Septemba 2022 jina hilo likarudi midomoni, tukalala tena na hofu. Simtetei aliyeingia nyumbani kwa mtu na panga. Ninasema tu kwamba wengi wao ni watoto, na kila kundi lina marehemu wake au majeruhi wake linayemtaja.

Basi siku ile nilifunga kibanda. Springi nikaisukuma chini ya benchi, nikamwambia, "Twende tukatafute ile karatasi." Tulianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukaenda kituoni. Mara ya kwanza mpelelezi hayupo. Mara ya pili faili halionekani. Tulikwenda mara sita, na kila safari yeye ndiye aliyebeba karatasi ya RB, kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Wapo watakaosema huko ni kupoteza muda. Tulichoshwa kweli, na siku ya nne nilitamani kuacha. Sikuacha kwa sababu alikuwa ananitazama.

Njiani tulibishana. Dada alikuwa amemwambia kisasi ni dhambi, naye akanijibu kwa aya ya 45 ya Al-Maida aliyosoma madrasa, jicho kwa jicho. Nikampeleka kwa ustadhi wake. Ustadhi hakumkaripia. Alimwambia asome aya yote mpaka mwisho, pale inapomtaja anayesamehe, kisha akamwambia hata hiyo haki ya jicho huamuliwa na kadhi, haikatwi gizani na wavulana.

Safari ya sita tukaambiwa mtuhumiwa amekamatwa. Ana miaka 15, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo kesi ilikwenda mahakama ya watoto pale Kisutu. Kaka mtu aliingia kutoa ushahidi. Sisi tulisubiri nje. Yule mtoto alipotoka na mama yake, mpwa wangu alisimama, ngumi zimekaza, nikamshika bega. Mama yule alituona, akainamisha kichwa, akampitisha mwanawe upande wa pili wa ukuta. Kwenye daladala, mpaka tunafika Buguruni, hakusema neno.

Hajamsamehe, wala sijamwomba amsamehe. Siku za Jumamosi huja kunisaidia. Juzi, akipiga msasa geti la mteja, aliniuliza kama ile springi bado ninayo. Nikamwambia ninayo, iko chini ya benchi. Akanyamaza kidogo, akageuza karatasi ya msasa upande mwingine, akaendelea.