Mhusika hajengwi kwa fomu

Swali: Mhariri, nimekwama sura ya nne ya riwaya yangu. Mhusika mkuu, Zubeda, nimemjazia fomu ya maswali mia moja: rangi aipendayo, nyota yake, anachoogopa, rafiki yake wa utotoni. Pamoja na hayo, wote watatu walionisomea mswada wanasema hana uhai. Nimpe kasoro gani ili awe mhusika duara, yaani anayeonekana mtu kamili?

Jibu: Usimpe kasoro yoyote. Fomu hizo nazijua. Hunijia zimeambatanishwa na miswada kama vyeti vya mwombaji kazi, na nimewahi kusoma hadi saizi ya kiatu. Lakini uliza mhusika huyo anataka nini asubuhi ya leo: kimya.

E. M. Forster, mwandishi wa riwaya Mwingereza, alipowatenganisha wahusika bapa na duara mwaka 1927, kipimo chake hakikuwa wingi wa sifa. Aliuliza kama mhusika anaweza kutushangaza na bado tukamwamini. Asiyeshangaza kamwe ni bapa. Anayeshangaza tusimwamini ni bapa anayejifanya duara. Sasa kasoro ya kubandika itasaidia nini hapo? Ukinitangazia ukurasa wa kwanza kwamba fulani ni mlevi, akilewa ukurasa wa 40 sishangai. Umetimiza tangazo tu. (Na bapa si tusi. Mlinzi anayefungua geti mara moja hahitaji historia ya utotoni.)

Katika kurasa ulizonitumia umeandika: "Zubeda alikuwa mkarimu lakini mwenye kinyongo." Sawa, nimeambiwa. Kisha sura ya pili kaka yake anakuja kukopa, nawe unamaliza kwa neno moja: "Alimpa." Zubeda alikuwa hapo, ukampita! Alimpa vipi? Nani alikuwepo? Tuseme anamhesabia noti sebuleni mbele ya wageni, polepole, halafu anazikusanya na kuzihesabu upya. Ametoa, hakuna wa kumwita mchoyo. Na kaka hajui aweke wapi macho. Ukarimu na kinyongo vimekaa kwenye vidole vilevile, na wewe hukulazimika kutaja hata kimoja. Sasa mlipishe. Sura ya nne amhitaji kaka huyo, naye asipokee simu. Umekwama kwa sababu kufikia hapo Zubeda hajafanya lolote linalomdai.

Kinachonichosha ni wanaouza njia za mkato. Kuna wa kozi ya "mhusika kamili kwa siku saba", na kuna wa jeraha la utotoni, ambao kila mtu katili kwao alipigwa na baba na hesabu imefungwa. Siku hizi kuna na programu za kukutolea wasifu wa kurasa kumi kabla chai haijapoa. Vyote vinakupa raha ya kuandika kabla hujaandika. Nimeona mtu akijaza madaftari mawili ya wasifu bila tukio hata moja ambamo mhusika anachagua kati ya vitu viwili anavyovitaka, akikosa kimoja. Huyo alikuwa amelipia.

Fomu yako usiichome. Itakukumbusha sura ya 20 kwamba Zubeda ana kovu mkono wa kushoto, si wa kulia. Mimi pia huweka daftari la namna hiyo ninapohariri, na hiyo ndiyo kazi yake yote.