Mashoto mwenzangu, usinunue gitaa la kulia ukaligeuze

Ukisema wewe ni mashoto na unatafuta gitaa la umeme la bei nafuu, utaambiwa ununue la kulia uligeuze, kisha utatajiwa Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa mashuhuri wa roki kutoka Marekani. Ni kweli, Hendrix alipiga magitaa ya Fender ya aina ya Stratocaster ya kulia yaliyogeuzwa na kufungwa nyuzi upya kwa mpangilio wa kushoto. Lakini angalia kinachotokea. Volyumu na toni vinahamia juu, pale mkono wako unapopita, na kila ukichangamka unavizungusha bila kutaka. Pembe fupi ya gitaa, iliyokusudiwa kupisha vidole vifike freti za juu (vile vichuma vinavyokatiza shingo), inakuwa upande usiokusaidia. Baya zaidi ni kile kipande chenye mifereji kinachoshika nyuzi mwanzoni mwa shingo: uzi mnene unabanwa kwenye mfereji mwembamba, na mwembamba unachezacheza kwenye mpana. Fundi atakichonga kingine, ndiyo, ila hapo unafuu umeshapungua.

Tafuta lililotengenezwa la kushoto tangu kiwandani. Mimi huwaelekeza wanaoanza kwenye Yamaha Pacifica 112 ya kushoto. Ina pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) mbili za koili moja, na karibu na briji, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, ipo ya koili mbili. Ukitaka sauti safi ya kuchezea sebene unayo. Ukitaka roki yenye uzito, sogeza swichi uende kwenye ile ya koili mbili. Squier Stratocaster nayo inafaa. Harley Benton, chapa ya duka la Thomann la Ujerumani, ina magitaa mengi ya kushoto kwa bei ya chini, ila piga hesabu ya usafirishaji na ushuru kabla hujafurahia hiyo bei. Rangi zitakuwa mbili tatu tu. Usikatae shingo nzuri kwa ajili ya rangi.

Kama unanunua lililokwishatumika, usilipe kabla hujalishika. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, usikie kama ncha za freti zinakwaruza. Likodolee kutoka kichwani kuelekea kwenye briji: shingo iliyojisokota, liache hapohapo, hata ukipunguziwa bei. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, utoe mlio kama kengele, halafu ukandamize palepale. Sauti hizo mbili zikitofautiana usiogope, hiyo ni kazi ya bisibisi kwenye briji. Lichomeke kwenye amplifaya, uzungushe volyumu polepole. Likikwaruza kidogo, kusafisha kunatosha mara nyingi.

Briji iwe ya kawaida. Zile zinazofunga nyuzi kwa boliti pande zote mbili zinasumbua sana anayejifunza kutyuni, na kwenye magitaa ya bei ya chini hazidumu.

Nyuzi zisikupe wasiwasi: seti ni zilezile za wote, unene wa 9 hadi 42 (kwa elfu za inchi) kwa kuanzia, unazifunga tu kwa mpangilio wa kinyume.